Vuli ya Madawati ya Nyuma

Jumatatu, 2 Septemba

Nimerudi Izigo. Ni miaka ishirini na mitatu tangu niondoke, na nyumba ya shule waliyonipa ni ileile, ya pili kutoka barabarani. Najua Datius amefanya makusudi. Mlango wa jikoni bado unakwama palepale, na leo nimeusukuma kwa goti kama alivyokuwa akifanya marehemu mume wangu Yunus akiwa amebeba ndoo mikono yote miwili. Ukafunguka. Nikasimama pale kizingitini muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Datius Rugemalira ndiye mkuu wa shule siku hizi. Mwaka 1997 alikuwa mwanafunzi wangu wa Kidato cha Nne, kijana mwembamba aliyekuwa akimaliza swali kabla chaki yangu haijatoka ubaoni. Mwezi uliopita alinipigia simu Bukoba akaniambia mwalimu wao wa hesabu amehamishwa, mtihani wa taifa ni Novemba, na hana mtu. Binti yangu Farida alinisihi nikae nyumbani, nimeshastaafu, nipumzike. Lakini nilikuwa nimepumzika mwaka mzima pale mtaani kwangu Bakoba, nikipanga vyombo kabatini na kuvipangua.

"Fanya tu kama ulivyotufanyia sisi, Mwalimu," Datius aliniambia.

Jioni nimetundika ile picha sebuleni. Darasa la tisini na saba. Tisa walipata A ya hesabu mwaka ule, katika shule isiyo na umeme, yenye vitabu kumi na kimoja vya majedwali ya logarithimu kwa darasa zima. Maafisa walitoka mkoani kuja kuniuliza nimefanyaje.

Jumanne, 3 Septemba

Wapo thelathini na wanane. Wananiita Madam. Zamani tuliitwa Mwalimu, na mimi bado nasikia kama wanamwita mtu mwingine.

Alhamisi, 5 Septemba

Jaribio la kwanza. Wanane wamevuka hamsini. Kumi na wawili wana sifuri. Msichana mmoja wa dawati la mwisho, Joviana, amerudisha karatasi nyeupe kama nilivyompa. Jina lake tu juu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimewapanga upya kama zamani. Wanane mbele, wengine wanafuata kwa alama zao. Hakuna aliyenung'unika. Walibeba madaftari yao na kuhama kimya kimya, kana kwamba kila mmoja alikwishajua mahali pake.

Alhamisi, 12 Septemba

Wanane hawa ni watoto wazuri. Anayeongoza ni Buberwa, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Nikiandika swali, yeye hupiga miayo. Nikimaliza kuliandika, jibu analo. Ananikumbusha Datius mpaka napata raha ya ajabu kifuani, kama mtu anayesikia wimbo wa siku za harusi yake ukipigwa nyumba ya jirani.

Saa nne mpishi wa shule, Alistidia, huniletea chai ya tangawizi ofisini. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mtaratibu sana. Huweka kikombe, husema "Karibu, waitu," kwa heshima ya Kihaya, na huondoka. Hajawahi kukaa.

Jumatatu, 16 Septemba

Mvua ya kwanza. Ilianza saa tano, katikati ya milinganyo, ikapiga bati mpaka sauti yangu ikapotea. Nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya miaka ile: nikaandika ubaoni bila kusema neno, nao wakanakili bila kusema neno. Zamani mvua kama hii ilipokuwa ikinyesha, Yunus, aliyekuwa akifundisha Kiswahili chumba cha pili, alikuwa akiacha kufundisha kabisa na kuwaambia wanafunzi wasikilize. Mimi nilikuwa nikimcheka. Dakika arobaini zimepotea bure, nilikuwa nikimwambia. Baada ya mvua alikuwa akija dirishani kwangu kunionyesha mibuni iliyoanza kutoa maua upande wa pili wa uwanja, nami nilikuwa nikimwashiria kwa chaki kwamba nina kazi.

Leo niliitazama ile mibuni. Imebaki michache. Na migomba mingi iliyokuwa nyuma ya shule imekufa kwa mnyauko.

Ijumaa, 20 Septemba

Mjini kwa swala ya Ijumaa. Farida amesema nimekonda.

Jumatano, 25 Septemba

Leo naandika pole pole, maana sitaki kujionea huruma.

Mvua ilikuwa inanyesha jioni, na Alistidia alipita kuniletea mkungu mdogo wa ndizi kutoka kibanja cha migomba cha kwao. Alitaka kuuacha barazani. Nikamvuta mkono aingie, nikamtilia chai, nikampa akamwani, buni za kutafuna, kama inavyompasa mgeni. Alikaa ukingoni mwa kiti. Akaiona picha.

Nikafurahi kupata mtu wa kumsimulia. Nikasimama nikawataja wote tisa kwa kidole: huyu ni mhandisi, yuko Mwanza, huyu daktari, huyu alikwenda seminari, huyu tulimzika, Mungu amrehemu, na huyu hapa, unamwona, ni mkuu wako wa shule. Nikamweleza walivyokuwa wakibaki na mimi mpaka saa kumi na mbili, walivyokuwa wakigombania maswali magumu kama watoto wanavyogombania mahindi ya kuchoma. Aliitikia kwa kichwa kila jina. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa kuwa ni mtu wa hapa, kama kuna anayemfahamu.

Akanyoosha kidole mstari wa nyuma kabisa, kwa msichana ambaye nusu ya uso wake imefichwa na bega la mwenzake.

"Huyu ni mimi, waitu."

Nilisogea nikatazama. Nikavaa miwani. Sikumkumbuka. Namwandikia Mungu ukweli humu: mpaka sasa hivi, nikifumba macho, simkumbuki.

Nikamuuliza kama nilikuwa mkali kwao. Akasema hapana, nilikuwa mwalimu mzuri, sikuwapiga. Baada ya jaribio la kwanza wale tisa walihamia mbele, na wao waliobaki walielewa kwamba kazi yao ni kunyamaza ili wenzao wasikie. Saa za masomo ya ziada walikuwa wakifyeka nyasi za uwanja. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Siku moja ulipita nyuma ukakagua madaftari," akasema. "Ukaniambia, wewe una mwandiko mzuri. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama. Halafu nikawa nangoja useme na jambo jingine."

"Nikasema nini?"

"Hukusema tena, Mwalimu. Tukamaliza shule."

Alikunywa chai yake, akashukuru, akajifunika kanga kichwani akaondoka na mvua.

Darasa lile lilikuwa na watu arobaini na watatu. Miaka ishirini na saba nimekuwa nikisema "tisa" kwa kila anayenisikiliza, na sijawahi hata mara moja kutoa tisa kwenye arobaini na tatu. Mimi, mwalimu wa hesabu.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekwenda jikoni kumwomba radhi. Alikuwa anamenya ndizi. Nilianza vibaya, nikazunguka, nikaingiza habari za wingi wa wanafunzi na uhaba wa vitabu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilishatoka, waitu," akasema. "Lakini pale nilipokaa pana mtoto amekaa."

Jumatatu, 30 Septemba

Nimevunja mpango wa madawati. Kila aliye mbele amekaa na watatu au wanne wa nyuma. Buberwa amewekwa na Joviana, kijana mmoja mkimya anayeitwa Derick, na wengine wawili, na uso aliouonyesha ni wa mtu aliyepewa uji baridi.

Kisha nikawapa swali moja tu, nikawaambia sipokei karatasi tupu. Asiyejua aandike anachodhani, na pale anapokwama aandike kwa Kiswahili au Kihaya amekwama wapi. "Nataka kosa," nikasema. Wakacheka, wakidhani ni utani wa bibi aliyestaafu.

Thelathini na saba wameandika kitu. Joviana, karatasi nyeupe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekaa naye baada ya vipindi. Sikumuuliza kwa nini hajui. Nilimuuliza mara ya mwisho kuelewa hesabu ilikuwa lini. Nikajilazimisha kungoja, jambo nisilolizoea.

"Darasa la Tano," akasema mwishowe. "Kabla ya sehemu."

Kwao ni Ngenge. Mwaka ule mama yake aliugua, na yeye akakaa nyumbani muhula mzima kuwaangalia wadogo zake. Aliporudi walikuwa wameshamaliza sehemu, wako kwenye asilimia. Hakuna aliyemuuliza. Alidhani atawafikia wenzake njiani. Kila mwaka akidhani atawafikia, na kila mwaka wanazidi kwenda. Sasa anaishi kwa shangazi yake hapa Izigo na amejifunza kunakili vizuri ubaoni asionekane.

Miaka sita mtoto huyu amekuwa akikaa darasani kama mtu aliyeingia msibani wasikomjua, akisimama wanaposimama na kukaa wanapokaa.

Nilichukua ndizi mbivu nikaikata vipande vitatu mezani. Tukaanza theluthi.

Jumanne, 8 Oktoba

Kila siku saa tisa na nusu, sehemu, na Joviana. Jana alikuja na Derick. Leo wamekuja kumi na mmoja. Sikuwaita. Walisimama mlangoni kwa aibu, watu wazima wa Kidato cha Nne, wakauliza kama wanaweza nao kusikiliza mambo ya Darasa la Tano.

Ijumaa, 11 Oktoba

Datius ameniita ofisini. Baba yake Buberwa alikuja kulalamika kwamba mwanawe anafundishwa pamoja na wasiojua, na mtihani umebaki mwezi mmoja. Datius alikuwa na heshima, aliniketisha kiti chake mwenyewe, yeye akabaki amesimama. Akanieleza kwamba shule imekuwa ya mwisho wilayani miaka miwili. Anahitaji A nane. Wale wengine, alisema, kwa muda uliobaki, tuwaombee.

Nikamweleza habari za Alistidia. Kumbe anajua kwamba walisoma pamoja. Anajua, na kila siku anakula anachopika Alistidia, na hawajawahi kulizungumza.

"Mwalimu," akasema, na sauti ilibadilika, "ukisema njia ile ilikuwa mbaya, mimi ni nini? Mimi ndiye uliyemtoa kwa njia ile."

Nilimwambia anipe mpaka mwisho wa mwezi. Hakukubali wala hakukataa. Alinifungulia mlango.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Bakoba. Nililala mchana kutwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefanya jambo ambalo huenda nikalijutia. Buberwa alipiga miayo tena. Nikampa chaki, nikamwambia awaeleze wenzake kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Akaandika kanuni kwa madaha. Joviana, ambaye hajawahi kufungua kinywa chake darasani, akauliza, "Kwa nini?"

Buberwa akairudia kanuni. "Ndiyo," akasema Joviana, si kwa kejeli, "lakini kwa nini?"

Alisimama pale na chaki mkononi. Niliuona uhakika wote wa kujua ukimtoka usoni. Akaiweka chaki mezani akatoka nje.

Ijumaa, 18 Oktoba

Buberwa hakuja.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hakuja. Datius alipita barazani akanisalimu bila kusimama. Mvua tangu asubuhi. Nimejiuliza kama nimemtoa mmoja gizani na kumsukumia mwingine humo. Kumbe katika miaka yangu yote sikuwahi kuwapa wale wa mbele jambo lisilowezekana kwa kanuni. Niliwapa maswali marefu zaidi tu, nikayaita magumu.

Jumanne, 22 Oktoba

Amekuja. Viatu vina tope mpaka kifundoni, hakunitazama, alikwenda moja kwa moja ubaoni kabla sijamruhusu. Akaandika: tatu mara hasi mbili, hasi sita. Chini yake: mbili mara hasi mbili, hasi nne. Moja mara hasi mbili, hasi mbili. Sifuri mara hasi mbili, sifuri. Akageuka, akamtazama Joviana.

"Kila mstari jibu linafanya nini?"

"Linapanda kwa mbili," akasema Joviana.

"Sasa baada ya sifuri, hapa kushoto inakuja namba gani?"

"Hasi moja." Akasita. "Hasi moja mara hasi mbili." Akahesabu kwa midomo. "Lazima iwe mbili. Ikiwa kitu kingine, mpango wote unaharibika."

"Ndiyo," akasema Buberwa, akakaa. Aliitafuta siku nne, na baba yake akimwambia arudi shule. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi kutafuta kitu kwa siku nne maisha yake yote, na kama ninalo jingine la namna hiyo anaomba.

Mimi nilijifanya natafuta kifutio.

Jumatatu, 28 Oktoba

Jaribio la mwisho wa mwezi. Hakuna karatasi tupu hata moja. Kumi na tisa wamevuka thelathini. Lakini wawili kati ya wale wanane wameshuka, mmoja kwa alama kumi na moja. Nimeandika hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, nikampelekea Datius bila kuficha. Aliisoma mara mbili. "Nimeona," akasema, basi.

Ijumaa, 1 Novemba

Leo Datius aliingia darasani kwangu katikati ya kipindi, akapita wote, akaenda kukaa dawati la mwisho kabisa, magoti yakigonga mbao. Alikaa dakika themanini. Derick alikuwa ubaoni akikosea, na darasa linamsaidia kutafuta kosa liko mstari gani, kwa kelele, Kiswahili na Kihaya vikichanganyika. Datius hakuandika chochote.

Wanafunzi walipotoka alibaki. Nilidhani amekuja kunifunga mdomo.

"Unajua nilikuwa naogopa kila Ijumaa?" akasema. "Ijumaa ulikuwa ukisoma alama. Nilikuwa natapika asubuhi kabla sijatoka nyumbani. Mama alidhani ni minyoo."

Nikamwambia lakini yeye alikuwa wa kwanza siku zote.

"Ndiyo maana. Mpaka leo nikiota shule, naota unaniambia nichukue daftari langu, nihame."

Nje walikuwa wakipiga mpira kwenye maji. Nimekuwa nikiubeba mwaka ule kama mtu anavyobeba mtungi mzima, na mwezi huu mmoja nimeonyeshwa ufa upande huu na ufa upande ule. Ajabu ni kwamba sijauchukia. Walikuwa wakinipenda kweli, wale tisa, na mimi niliwapenda. Jua la saa kumi na mbili lilikuwa likiingia dirishani kweli. Yote hayo yalikuwepo, na pembeni yake mama yake Datius alikuwa akimtafutia mwanawe dawa ya minyoo, na Alistidia alikuwa akifyeka nyasi.

"Nisamehe, mwana wange," nikamwambia kwa Kihaya, mwanangu. Sijawahi kumwita hivyo.

Akacheka kidogo, akafuta macho kwa kiganja, akasema tuendelee vilevile mpaka mtihani.

Alhamisi, 7 Novemba

Senene wameanguka. Asubuhi wanafunzi kumi na saba tu, waliobaki walikwenda kuwakamata, wamekuja saa nne na mabawa nywelani. Alistidia amenikaangia sahani nzima. Niliahirisha kipindi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtihani umeanza. Hesabu ni kesho. Sikuwapa maswali ya mwisho. Niliwaambia wale ndizi za kutosha.

Jumanne, 12 Novemba

Haturuhusiwi kukaribia vyumba vya mtihani, basi nilikaa jikoni na Alistidia saa zote tatu. Nilijaribu kumenya naye ndizi, akaninyang'anya kisu kwa upole kwa sababu nilikuwa nikitupa nusu ya ndizi pamoja na ganda. Datius aliingia, akatoka, akaingia.

Walipotoka, Buberwa alikuja wa kwanza akasema swali la mwisho lilikuwa zuri. Zuri, alisema, hakusema rahisi. Nyuma yake akaja Joviana anakimbia.

"Madam, swali la kumi na mbili nimekosea."

Nilimwona Datius akiinamisha kichwa. Nikamuuliza Joviana amejuaje.

"Nilihamisha namba upande wa pili nikasahau kubadili alama. Niliona wakati msimamizi ameshaichukua karatasi." Alikuwa anahema. "Mawili sikuyaweza kabisa, lakini nimeandika nilipofika. Hilo la kumi na mbili nilikuwa naliweza, Madam. Nilikuwa naliweza."

Machozi yalimlengalenga kwa hasira. Miaka thelathini na minne nimesimama nje ya vyumba vya mitihani, na watoto wa nyuma hutoka wakisema "ulikuwa mgumu" na kwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kwangu amekasirika kwa sababu ya alama moja ya hasi.

Buberwa akasema si hapo alipokosea, ni mstari wa juu yake. Joviana akasema ni hapohapo. Wakabishana. Datius akainama, akaokota kaa lililozimika jikoni, akaandika swali sakafuni kama Joviana alivyolikumbuka, wote watatu wakachuchumaa. Alistidia akasogeza beseni la ndizi wapate nafasi. Akaendelea kusimama juu yao na kisu chake mkononi, akitazama.

"Na hiyo hasi," akauliza, "imetoka wapi?"

Datius alinyanyua kichwa akamtazama. Akamwachia Joviana lile kaa. Joviana akafuta sakafu kwa kiganja, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza, taratibu, akimweleza Alistidia.